Omo na Kundi Lake

Picha zilizomfanya Omo ajulikane duniani zilipigwa Januari 2016 katika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Aliyezipiga ni Derek Lee wa Wild Nature Institute, mwanasayansi ambaye kazi yake ni kufuatilia maisha ya twiga. Omo alikuwa na umri wa miezi 15 hivi. Mwili wake ni mweupe, weupe wa maziwa yaliyodondokewa na chai kidogo. Ukitulia ukamtazama, unaona mabaka ya twiga bado yapo, hafifu, kama maandishi ya penseli yaliyofutwa kwa haraka. Nywele za shingoni zina wekundu. Macho ni meusi.

Lee hakupiga picha moja. Kuna picha ambamo Omo yuko peke yake, amejaza fremu, nyuma yake ni ukijani tu usio na umbo. Na kuna picha ambamo amesimama na twiga wengine wa rangi ya kawaida, na hakuna hata mmoja anayemshangaa. Wanatazama majani, wanatazama upande mwingine, wanamtazama mpiga picha. Omo ni mmoja wao anayekula. Miaka imepita na picha hizi bado zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za utalii, na karibu kila mara inayonifikia mimi ni ile ya kwanza, ya twiga mweupe pekee.

Nataka kuhakiki tofauti ya picha hizi mbili. Kwa haraka mtu anaweza kusema ni tofauti ya lenzi tu: mpiga picha alisogea au hakusogea. Mimi naona ni tofauti ya maana. Picha moja inamjulisha mnyama. Nyingine inampangia bei. Na sisi tunaosoma picha tukiwa magharibi mwa Tanzania tuna sababu zetu za kuiona tofauti hiyo mapema.

Tuanze na jina. Omo aliitwa hivyo na waongozaji wa huko kwa kuwa Omo ni sabuni ya unga inayojulikana nchini. Ni utani mzuri, wa watu wanaofua nguo zao. Lakini jina hilo lilipofika kwenye magazeti ya Ulaya na Marekani lilibaki sauti tu, kifupi, laini, la Kiafrika kidogo. Utani ukapotea. Msomaji wa London hajui kwamba waliompa jina hilo walikuwa wanasema: huyu naye kafuliwa akatakata. Ndani ya jina kulikuwa na jamaa wanaomcheka mnyama kwa upendo, kama unavyomcheka mtoto wa jirani aliyejipaka poda. Hao jamaa nao wamekatwa nje ya picha, ingawa hawakuwahi kusimama ndani yake.

Kisha kuna neno. Vichwa vingi vya habari viliandika "twiga albino". Omo si albino. Albino ni mnyama au mtu ambaye mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha, ile rangi ya ngozi, nywele na macho. Ndiyo maana macho yake pia hupauka na huumizwa na mwanga. Omo ana hali nyingine, ambayo wanasayansi huiita leusizimu: rangi ipo, ila chembe za kuibeba hazikufika zinakotakiwa kwenye ngozi. Dalili iko machoni, maana macho ya Omo ni meusi kama ya mama yake. Kwa hiyo picha ilikuwa imeshatoa jibu kabla ya mwandishi wa kichwa cha habari kufika. Lakini "albino" ni neno linalouza, na mtu aliyeliandika hakuhitaji kutazama macho ya twiga.

Ninaandika haya nikiwa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kwenye barabara inayotoka Tabora mjini kwenda Nzega. Hapa kuna ofisi za halmashauri, maduka, kijiwe cha bodaboda, na pande zote miombo na mashamba. Hatuna twiga weupe. Tuna historia ya barabara. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara katika karne ya 19, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kwa miguu kutoka huku hadi Bagamoyo wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Njia hiyo imo kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, na jina lake huko linataja mambo mawili pamoja: utumwa na pembe.

Fikiria biashara ile kama namna ya kutazama. Ndovu mwenyewe hakusafiri. Kilichosafiri ni sehemu yake nyeupe. Mwili ulibaki porini ulikoangukia, kundi likaendelea na njia yake likiwa pungufu, na kilichofika pwani, kikapanda jahazi na baadaye meli, kilikuwa kitu safi, laini, kisicho na mzazi wala mtoto, ambacho kingeweza kuwa funguo za piano au mpira wa biliadi. Ili kitu kiwe na bei ya aina hiyo lazima kwanza kitenganishwe na kila kinachokizunguka. Hakuna anayenunua pembe pamoja na mto alikokuwa akinywa yule ndovu.

Kwa hiyo ninapoona picha ya mnyama mweupe aliyetenganishwa na kundi lake, na maelezo chini yake yanasema "adimu", "wa pekee", "mmoja katika maelfu", nasikia mwangwi wa jambo la zamani. Sidai kwamba mpiga picha ni mfanyabiashara wa pembe. Nasema tu kwamba wote wawili wanamtenganisha mnyama na wenzake kabla ya kumpeleka mbali.

Siku moja nilikuwa kijiweni hapa nikisubiri bodaboda, na simu ya kijana mmoja ikawa inapita mkono kwa mkono. Ilikuwa ile picha ya Omo peke yake. Mmoja akaitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Huyo hela huyo." Wenzake wakacheka. Mwingine akauliza, "Hela ya watalii au hela ya wapi?" Wakacheka tena, safari hii kidogo, na simu ikarudi kwa mwenyewe.

Yule kijana hakuwa na nia mbaya. Kwa maoni yangu alikuwa mhakiki bora kuliko magazeti mengi, kwa sababu aliisoma picha kama ilivyoomba kusomwa. Alionyeshwa kitu kimoja kinachong'aa, kisicho na jirani, chenye maandishi yanayosema hakipatikani. Akili ya mtu yeyote inayoonyeshwa kitu cha namna hiyo hukimbilia swali la bei. Na lile swali la mwenzake, "hela ya wapi", nalo lilikuwa sahihi. Hapa kwetu sote tulilielewa bila kufafanuliwa.

Tulilielewa kwa sababu kuanzia miaka ya 2006 na 2007 habari za kuuawa na kukatwa viungo kwa watu wenye ualbino zilianza kusikika katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na magharibi, Tabora ikiwemo. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa BBC, alijifanya mteja ili kuwafikia waganga waliohusika na biashara hiyo, na vitisho vilivyofuata vilimlazimisha kujificha. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Umoja wa Mataifa uliamua Desemba 2014 kwamba Juni 13 ya kila mwaka iwe siku ya kimataifa ya kuelimishana kuhusu ualbino. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli chonganishi. Kijana wa kijiweni alikuwa shule ya msingi wakati mengi ya hayo yanatokea. Alikua akijua kwamba kuna watu waliwahi kumtazama binadamu wakaona hela.

Hapa lazima niseme jambo wazi, maana najua kuna msomaji ambaye tayari amekunja uso. Kuwaweka watu wenye ualbino na wanyama kwenye aya moja ni hatari, na wamedharauliwa hivyo mara nyingi. Wao wenyewe wamelikataa neno zeruzeru, na wengi wanataka tuseme "mtu mwenye ualbino", ili mtu atangulie na hali ya ngozi ifuate. Silinganishi watu na twiga. Ninalinganisha picha na picha. Nikifanya hivyo nagundua kwamba wapiga picha wengi waliokuja kuwapiga picha watoto wenye ualbino Tanzania walitumia utaratibu uleule wa picha ya mnyama adimu: mandhari ya nyuma yamefanywa meusi au yamefutwa, mwanga umetoka upande mmoja ili nywele ziwake, mtoto yuko peke yake, haongei na mtu. Picha inapendeza sana. Inapendeza kwa namna ambayo jiwe la thamani linapendeza. Lengo la mpiga picha lilikuwa kutuambia kwamba mtoto huyu ni binadamu kama sisi, lakini kila uamuzi alioufanya na kamera yake unatuambia kwamba mtoto huyu hafanani na mtu yeyote.

Ukitaka kuona namna nyingine, tazama filamu ya Harry Freeland ya mwaka 2012, In the Shadow of the Sun. Freeland alimfuata Josephat Torner kwa miaka kadhaa. Torner ana ualbino, na katika filamu anakwenda vijijini anasimama mbele ya watu anazungumza nao uso kwa uso kuhusu mauaji. Anapanda Mlima Kilimanjaro. Katika filamu hiyo ngozi ya Torner haiwezi kuwa pambo, kwa sababu yuko katikati ya watu wanaomjibu. Wapo wanaomkubali na wapo wanaomtilia shaka, na yeye anabishana. Kamera imelihifadhi kundi, hata pale ambapo kundi lenyewe ndilo tatizo. Ukimaliza filamu unamkumbuka Torner kwa aliyoyasema.

Turudi kwa wanyama, na kwenye kamera zenyewe. Kiswahili chetu kinasema kupiga picha, na kinasema pia kupiga risasi. Sitaki kulifanya hilo kuwa hoja kubwa, maana tunapiga pia pasi, simu na mswaki. Lakini historia ya kupiga picha wanyama katika nchi hii haikuhitaji mzaha wa lugha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka Afrika Mashariki ya Kijerumani akipiga picha wanyama usiku kwa mwanga wa unga wa magnesiamu. Kitabu chake cha mwaka 1905 kinaitwa Mit Blitzlicht und Büchse, yaani kwa mwanga wa kumulika na bunduki. Alifunga wanyama wa kufugwa wawe chambo ili simba aje, na simba alipokuja, mwanga ukalipuka.

Mwanga wa aina ile una tabia yake. Unamulika kilicho karibu tu. Kilicho nyuma yake hubaki giza tupu. Katika picha za namna hiyo mnyama anaonekana kama ametokea kusikojulikana, hana nchi, hana wenzake, yupo kwa ajili ya kuonekana nasi kwa sehemu ya sekunde. Lenzi ndefu za leo zinafanya kazi ileile mchana kweupe: zinamkaza mnyama na kuyayeyusha mengine yote. Sitaki kudai kuwa lenzi ndefu ni dhambi. Bila hiyo mpiga picha angemsogelea mnyama na kumsumbua. Ninachodai ni kwamba upweke tunaouona katika picha nyingi umetengenezwa na kioo, halafu maelezo ya picha yanauuza kama sifa ya mnyama.

Mfano mmoja mzuri ni wa pundamilia wa Serengeti. Februari 2019 mpiga picha Sergio Pitamitz alikuwa akisubiri msafara wa pundamilia wanaohama, akamwona mmoja ana mistari ya rangi ya dhahabu badala ya nyeusi. Mwanzoni alidhani amegaragara kwenye vumbi. Pundamilia akaingia majini na rangi haikutoka, ndipo akaelewa. Wataalamu walioziona picha walisema yaelekea ni ualbino wa sehemu. Ninachokipenda katika picha hizo ni kwamba msafara upo. Pundamilia wa dhahabu amebanwa kati ya pundamilia weusi na weupe, na kwa kuwa mistari ya wenzake ni mingi na mikali, jicho lako linalazimika kumtafuta kwa muda. Huo muda wa kutafuta ndio unaoifanya picha kuwa nzuri. Unafanya kazi ambayo Pitamitz mwenyewe aliifanya pale mtoni: kudhani ni vumbi, kusita, kuelewa. Na unapomtafuta unawatazama wengine pia, na unagundua kwamba hata hao hawafanani.

Sasa tazama Ishaqbini. Hii ni hifadhi ya jamii katika kaunti ya Garissa, Kenya, iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya kumlinda hirola, swala aliye hatarini kutoweka. Mwaka 2017 wanakijiji waliwaarifu askari wa hifadhi kwamba wamemwona twiga jike mweupe na mwanawe mweupe. Nao hawakuwa albino. Hali yao ilikuwa kama ya Omo. Video ikapigwa, ikazunguka dunia. Mama amesimama wazi, anawatazama wanaopiga video, na mtoto anarudi nyuma ya kichaka. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba mama amezaa tena. Machi 2020 hifadhi ikatoa taarifa ya huzuni: mama na mtoto wameuawa na majangili wenye silaha, na kilichopatikana ni mifupa. Akabaki dume mmoja.

Hakuna aliyethibitisha kwamba picha iliwaua wale twiga, na mimi sisemi hivyo. Twiga wengi wa rangi ya kawaida huuawa kwa ajili ya nyama na ngozi bila kuwahi kuonekana kwenye simu ya mtu. Ninachosema kinahusu habari zilivyoandikwa baada ya vifo vile. Karibu zote zilihesabu: walikuwa watatu, sasa amebaki mmoja, twiga mweupe wa mwisho duniani anayejulikana. Hesabu hiyo iliwatoa wale watatu katika kundi la twiga na kuwafanya spishi yao wenyewe, spishi ya weupe. Yule dume hakuwa wa mwisho wa kitu chochote isipokuwa orodha tuliyoitengeneza sisi. Kwa twiga wenzake wa Ishaqbini alikuwa twiga. Na hata msiba tuliuandika kwa lugha ya mnada: kadiri walivyopungua ndivyo aliyebaki alivyopanda thamani.

Msomaji makini atauliza: na chui je? Mwaka 2019 Will Burrard-Lucas alitoa picha za chui mweusi wa Laikipia, alizozipata kwa kamera za kutegwa, zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita. Chui hana kundi. Anaishi na kuwinda peke yake. Je, kanuni yangu ya kundi inakwamia hapo?

Inanilazimisha niiseme vizuri zaidi. Kundi ninalolizungumzia ni kila kitu kinachomfanya mnyama awe wa mahali fulani. Kwa twiga ni twiga wengine. Kwa chui ni njia anayoipita kila usiku, jiwe analolipanda, anga lililo juu yake. Baadhi ya picha za Burrard-Lucas zinamweka chui yule chini ya anga lenye nyota, na ndizo zilizo bora, kwa sababu weusi wake unapata sababu. Ni mnyama wa usiku ule. Zile nyingine, macho mawili yanayowaka katikati ya giza la studio ya kutegwa, zinamrudisha Schillings. Nilipozitazama sikuona Laikipia. Na si ajabu kwamba picha zile zilisambazwa pamoja na dai la "mara ya kwanza katika miaka 100", dai ambalo Wakenya walilihoji mara moja, maana wapo waliokuwa wakiwaona chui hao. Ukishaondoa mahali kwenye picha ni rahisi kuwaondoa pia watu wa mahali hapo waliotangulia kuona.

Kuna picha nyingine za twiga za Derek Lee na wenzake ambazo hazitasambazwa kamwe, na ningependa wapiga picha vijana wa nchi hii wazifahamu kuliko wanavyomfahamu Omo. Ni maelfu. Zote zinafanana kwa mpangilio: twiga amesimama, amepigwa kwa ubavu, upande wa kulia, mwanga wa kawaida, hakuna machweo, hakuna mbuyu wa kupendezesha. Zinapigwa hivyo kwa sababu mabaka ya twiga ni kama alama za vidole vyetu. Hakuna twiga wawili wenye mabaka yaleyale, na mabaka hayabadiliki maishani. Programu ya kompyuta inayalinganisha na kusema: huyu tulimwona miaka mitatu iliyopita, huyu ni mgeni, huyu hajaonekana tangu kiangazi. Kwa njia hiyo watafiti wanajua nani amezaa, nani amehama, nani amekufa.

Mtu akizitazama moja moja atachoka baada ya dakika mbili. Zikitazamwa kama kazi moja, nadhani ni miongoni mwa kazi kubwa za picha zilizofanyika katika nchi hii, na hoja yake inapingana na hoja ya picha ya mnyama adimu. Ile ya Omo peke yake inasema: katika maelfu, mmoja ni wa pekee. Hizi zinasema: katika maelfu, kila mmoja ni wa pekee, na unaweza kumjua kwa ubavu wake ukiwa na subira. Omo alipatikana ndani ya kazi hii. Alipigwa picha na mtu ambaye tayari alikuwa anawapiga wote. Ndiyo maana Lee aliweza kutuambia jambo ambalo mwindaji wa picha adimu asingelijua: kwamba Omo alikuwa amevuka mwaka wake wa kwanza, ule ambao simba, chui na fisi huwamaliza watoto wengi wa twiga, na kwamba kila alipoonekana alikuwa na kundi kubwa, na kundi halikuonekana kujali rangi yake.

Wazee husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Rangi haikumwelemea Omo mbele ya twiga wenzake. Inaanza kuwa mzigo pale inapobebwa na sisi.

Kwa anayeshika kamera, au simu, kuna maswali machache ambayo hayahitaji nauli ya kwenda Tarangire. Nimekata nini pembeni? Kama nimemkata mwenzake, nimemkata kwa sababu gani? Maelezo yangu ya picha yanasema anafanya nini, au yanasema tu anapatikana kwa uchache gani? Neno "adimu" likiondolewa, picha inabaki na nini? Na kama ninayempiga ni mtu mwenye ualbino, je, kuna kofia yake ya jua, kuna rafiki yake, kuna daftari lake? Jua na saratani ya ngozi ni hatari ya kila siku kwake. Moshi wanatengeneza mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Picha ya mtoto anayepakwa mafuta hayo na dada yake kabla ya kwenda shule haiwezi kushindana na picha ya nywele zinazowaka gizani. Ila ndani yake kuna dada.

Yule dume wa Ishaqbini naye aliwekewa kifaa cha GPS Novemba 2020, kikafungwa kwenye pembe yake fupi. Kikaanza kutuma ishara kila saa kuwaambia askari yuko wapi. Kwa hiyo kuna taswira nyingine ya twiga mweupe ambayo haikuwahi kuingia kwenye kundi lolote la WhatsApp: nukta kwenye ramani. Haina rangi. Huwezi kujua kwa kuitazama kama twiga ni mweupe au ana mabaka. Inasema tu kwamba saa hii yuko hai, yuko karibu na malisho fulani, na saa ijayo tutaangalia tena.